Kwenye picha hakuna boti inayovuja

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, baba mdogo alinipigia simu kutoka Katoro saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwetu simu ya saa hizo huwa ni ya msiba, kwa hiyo niliipokea moyo ukinidunda.

"Mwangaluka, mwanangu. Fungua WhatsApp yako."

Nikafungua. Ilikuwa picha ya boti nyeupe ya faiba, yenye mstari wa bluu ubavuni, mashine ikiwa imefungwa nyuma, imeegeshwa juu ya mchanga. Chini yake muuzaji alikuwa ameandika: "Haina shida yoyote. Ni kuwasha na kuondoka." Boti ilikuwa ng'ambo ya Ziwa Victoria, katika nchi jirani.

Baba mdogo alifanya kazi mgodini miaka 16. Mkataba ulipoisha akapata mafao yake, na Katoro nzima ikawa na ushauri. Huyu alimwambia anunue karasha, yule alimwambia aingie ubia kwenye duara. Yeye akakataa. "Pesa niliyoitoa shimoni siirudishi shimoni," alisema. Alitaka boti ya kubeba abiria na mizigo kati ya Nkome na kisiwa cha Izumacheli. Ni wazo zuri, watu wa kule wanahitaji usafiri kila siku.

Tatizo lilikuwa sentensi yake ya mwisho: "Nimeshatuma kishika uchumba. Milioni moja na nusu. Jumatatu namalizia."

Nilimuuliza ni nani ameikagua. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, si unaiona?"

Kwa nini jambo hili liko kwenye ukurasa wa familia

Najua baadhi yenu mnajiuliza boti imeingiaje hapa, mahali tulipozoea kuongea habari za chanjo, uji wa mtoto na presha ya ujauzito. Imeingia kwa sababu mtoto anayevuka kwenda shule, mama anayekwenda kliniki na baba anayepeleka dagaa mnadani wote wanapanda chombo ambacho kuna mtu alikinunua. Siku ile ya kununua ndiyo siku ambayo mengi huamuliwa.

Desemba 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti yake ya kwanza ya dunia kuhusu kuzuia vifo vya kuzama maji. Ilikadiria kwamba mwaka 2021 peke yake watu takriban 300,000 walikufa kwa kuzama, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Si wote walikufa kwenye boti. Wengi wa watoto hao wadogo huzama kwenye mabwawa, visima na mito karibu na nyumbani. Lakini sisi wa kanda ya ziwa hatuhitaji kuelezwa sana kuhusu vyombo. Tuna Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama na watu zaidi ya 800 wakapotea. Tuna Septemba 20, 2018, siku MV Nyerere ilipopinduka ikiwa inakaribia gati la Ukara. Kivuko kile kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Vile vilikuwa vyombo vikubwa vya umma. Boti ya mita nane ya baba mdogo ikizama, pengine haitafika hata kwenye redio. Lakini kwa familia iliyokuwa ndani yake, msiba ni ule ule.

Ng'ombe tunamkagua, boti hatuikagui

Sisi wa Shinyanga hatununui ng'ombe kwa picha. Mnadani Kishapu mtu atamfungua ng'ombe mdomo ahesabu meno, ataangalia kwato, atamtembeza, atamsukuma ubavuni aone kama anayumba. Hata hapo atamwita na mjomba wake aje kuangalia. Watu wa Geita nao dhahabu lazima ipimwe kabla pesa haijatoka mfukoni. Hakuna anayeona aibu kupima, na hakuna muuzaji wa kweli anayekasirika akipimiwa.

Kwenye boti mambo hubadilika. Nadhani ni kwa sababu wengi wetu tuliokulia kwenye mashamba ya pamba na mpunga hatujui boti ina "meno" wapi. Tunaona rangi inang'aa, tunasikia mashine inanguruma, tunaridhika.

Duniani kuna watu ambao kazi yao ni hiyo: wakaguzi wa vyombo vya majini. Mkaguzi hauzi boti na hapati kamisheni boti ikiuzwa. Kazi yake ni kukiangalia chombo kwa niaba ya mtu aliyemlipa, kisha kuandika alichokiona. Kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1760, wafanyabiashara na watu wa bima waliokuwa wakikutana kwenye mgahawa wa kahawa wa Lloyd's jijini London walianzisha chama cha kuzipima meli na kuandika hali zake kwenye daftari. Walichoka kuweka pesa kwenye meli wasizozijua. Chama hicho, Lloyd's Register, kipo mpaka leo.

Wao walikuwa matajiri, lakini walikubali kwamba macho yao hayatoshi. Baba mdogo, mwenye mafao ya mara moja tu maishani, alitaka kuamini picha.

Somo la Chumbe

Pengine utasema boti za nje ni imara kuliko zetu. Kumbuka MV Skagit. Ilijengwa Marekani mwaka 1989, ikabeba abiria kwa miaka katika jimbo la Washington, eneo la Seattle, kwenye mkono wa bahari uliokingwa na nchi kavu na visiwa. Mwaka 2011 iliuzwa ikiwa imetumika, ikaletwa huku kwetu. Julai 18, 2012, ikiwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipigwa na upepo na mawimbi ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Kuna swali moja ambalo mnunuzi wa kawaida huwa halifikirii, na mkaguzi mzuri huanza nalo: chombo hiki kilijengwa kwa ajili ya maji gani? Boti inaweza kuwa nzima, haina hata ufa mmoja, na bado isifae mahali unapoipeleka. Boti ya kutembeza watalii kwenye ghuba tulivu si boti ya kukatisha ziwa mwezi wa saba upepo wa kusini ukivuma. Wavuvi wa Nkome na Chato wanalijua ziwa hilo. Asubuhi limelala kama sahani, saa nane mchana limechafuka.

"Nimlipe mtu kwa kuangalia?"

Turudi Katoro. Nilimwomba baba mdogo asitume pesa iliyobaki mpaka nitafute mkaguzi. Niliuliza huku na huku, nikaelekezwa kwa nahodha mmoja mstaafu wa Mwanza, naye akanipa majina mawili. Nilipotaja gharama, yaani malipo ya mkaguzi pamoja na nauli yake, malazi, na kuwalipa vijana wa kuivuta boti nchi kavu, baba mdogo alipandisha sauti.

"Nimlipe mtu kwa kuangalia? Muuzaji amesema ana fundi wake pale pale, ataangalia bure."

Nilikosa la kusema. Simu yake ilikuwa kwenye spika, na jibu likatoka kwa mama mdogo aliyekuwa anapepeta mchele pembeni.

"Ng'ombe wa mahari ya binti yako uliwakagua siku mbili, ukarudisha mmoja kwa sababu ya jicho. Hiyo boti itabeba watoto wa watu."

Mkaguzi akaenda.

Alianza kwa kutaka boti itolewe kila kitu ndani na ipandishwe nchi kavu ikauke. Muuzaji alilalamika kwamba anapotezewa muda. Kisha akazunguka nayo na nyundo ndogo ya plastiki, akigonga kila baada ya vidole vichache na kusikiliza. Faiba nzima hutoa mlio mkavu na mkali. Mahali ambapo tabaka zimeachana au maji yameingia katikati, mlio hufifia, kama ukigonga gunia. Ni kama daktari anavyokugonga mgongo kwa vidole kusikiliza mapafu.

Tumbo la boti lilikuwa zuri. Ubavu ulikuwa na viraka viwili vya zamani, vilivyofanywa vizuri. Alipofika nyuma, kwenye ukuta ule unaobeba mashine, mlio ukafifia. Kwenye boti nyingi za faiba ukuta huo huwa na mbao ndani yake. Maji huingia taratibu kupitia matundu ya bolti, mbao inaoza huku nje panaonekana safi. Ya kwetu ilikuwa imeoza, na rangi mpya ilikuwa imepigwa juu yake. Mashine yenye uzito wa mtu mzima, inayosukuma boti yenye abiria, ilikuwa imefungwa kwenye mbao iliyolainika kama muwa uliotafunwa.

La pili lilikuwa kwenye karatasi. Namba iliyo kwenye mashine haikulingana na namba iliyo kwenye hati za muuzaji. Huenda mashine ilibadilishwa kihalali. Huenda iliibiwa mwaloni kwa mvuvi mwingine, na wizi wa mashine za boti ni kidonda cha siku nyingi ziwani. Mkaguzi hakumhukumu mtu. Aliandika tu kwamba namba hazilingani, akaweka picha za namba zote mbili.

Baba mdogo alipoipata ripoti aliomba punguzo ili atengeneze ukuta wa nyuma na apewe hati za mashine. Muuzaji akakataa vyote viwili. Milioni moja na nusu haikurudi. Na mimi baba mdogo hakuniongelesha kwa wiki tatu. Alimwambia mama mdogo nimemharibia dili.

Nimesimulia na hili la hasira kwa makusudi. Mkaguzi akileta habari mbaya, hasira hutua kwa aliyemleta. Jiandae.

Anachopaswa kuangalia

Kama kuna mtu kwenye familia yako anafikiria kununua boti iliyotumika, iwe Mwanza, Kisumu, Uganda au Dubai, haya ndiyo ya kumdai mkaguzi:

*Mwili wa boti, ikiwa nchi kavu.* Kwa faiba: nyufa, malengelenge yaliyovimba, viraka vilivyofichwa na rangi, ukuta wa nyuma. Kwa mbao: achome kwa bisibisi kwenye mkuku, kwenye mataruma na kwenye maungio ya mbao aone kama inazama kwa urahisi. Aangalie misumari iliyoliwa na kutu na kalafati iliyolegea. Boti iliyo majini huficha nusu ya habari zake.

*Mashine.* Awepo ikiwashwa ikiwa ya baridi. Mashine iliyopashwa moto kabla hujafika inaweza kuwa inafichwa tatizo la kuwaka. Apime kompresheni ya kila silinda. Aangalie oili: ikiwa imekuwa kama maziwa, maji yameingia. Aone kama maji ya kupooza yanatoka, na kama pangaboi na shafti yake vimenyooka.

*Majaribio majini.* Boti iendeshwe, tena ikiwa na mzigo, si dereva peke yake. Baada ya safari, aangalie maji yaliyokusanyika chini.

*Uthabiti.* Je, imeongezwa paa, viti vya juu au kuta ambazo hazikuwepo mwanzo? Kila kilo inayopandishwa juu huifanya boti iwe nyepesi kupinduka. Ibebe watu wangapi, na ubavu ubaki juu ya maji kiasi gani ikijaa?

*Karatasi.* Nani mmiliki halali, namba za boti na mashine, kama kuna deni juu yake, na hati ya kufutwa usajili kule inakotoka.

Haya yote yaje kwa maandishi, yakiwa na picha na tarehe. "Iko poa, nunua" kwa simu si ripoti. Ujue pia mipaka ya ripoti: inasema hali ya chombo siku hiyo. Mkaguzi haoni ndani ya mashine ambayo haijafunguliwa, na hawezi kukuahidi miaka kumi.

Mkaguzi wako na mkaguzi wa serikali

Hapa wengi huchanganya. Baba mdogo naye alisema, "Si TASAC wataikagua?" Ndiyo, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, ndilo linalosajili na kukagua usalama wa vyombo, pamoja na vile vidogo vya ziwani. Lakini kwa boti inayotoka nje, ukaguzi huo unakukuta ukiwa umeshanunua. Wao wanajibu swali kama chombo kinaruhusiwa kubeba watu. Mkaguzi wako anajibu swali la kabla yake: kama pesa yako iende huko. Ukiambiwa na serikali kwamba boti haifai wakati mafao yako yameshavuka mpaka, umechelewa.

Kwa hiyo kabla ya kununua, nenda kwenye ofisi ya TASAC ukaulize boti ya aina unayoitaka itahitaji nini ili isajiliwe. Kawaulize TRA ushuru utakuwaje. Kama ni ya uvuvi, waulize halmashauri na idara ya uvuvi kuhusu leseni. Baba mdogo alikuwa anasema ziwa ni lile lile. Ni kweli, ziwa ni moja, lakini serikali ni tatu, na kuvusha boti usiku kimyakimya ni kuanza biashara ukiwa mkimbizi.

Mtafute wewe, mlipe wewe

Usimchukue mkaguzi aliyeletwa na muuzaji wala dalali, hata kama ni wa bure. Huyo wa bure ameshalipwa na mtu mwingine. Omba majina kwa manahodha, kwa wenye boti za abiria walio na sifa nzuri, kwa kampuni za bima, au waulize watu wa Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) wanakofundishwa mabaharia. Muulize mkaguzi ameshakagua boti za aina hiyo ngapi, na akuonyeshe ripoti ya zamani aone unavyoisoma. Kama boti iko mbali, tafuta aliye karibu na boti, ila asiwe rafiki wa muuzaji.

Kosa la baba mdogo halikuwa kutuma kishika uchumba, maana wakati mwingine bila hicho boti inauzwa kwa mwingine. Kosa ni kwamba aliituma bila maandishi. Makubaliano yaandikwe kwamba malipo yanategemea ripoti ya mkaguzi, na kwamba ripoti ikiwa mbaya, pesa inarudi. Muuzaji akikataa sentensi hiyo, ameshakujibu kabla ya mkaguzi.

Na wewe mama au baba usiyepanda boti wala kujua mashine, usikae pembeni. Uliza maswali mawili tu: nani ameikagua, na ripoti iko wapi. Kwenye bajeti, pamoja na boti, weka majaketi okozi ya kila abiria, na ya watoto yawe ya saizi ya watoto. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akiingia majini.

Jumla ya gharama za ukaguzi ule pamoja na pesa iliyopotea ilimuuma baba mdogo, na nisiseme uongo, hata mimi iliniuma. Lakini sehemu kubwa ya mafao bado ipo benki. Msimu huu amelima mpunga kwanza.

Jumapili iliyopita, saa kumi na mbili na nusu, simu ikalia tena. Ilikuwa picha nyingine, safari hii boti ya mbao, ya kijani. Nilianza kuandaa maneno ya kumzuia, kisha nikasoma alichoandika chini yake.

"Mwanangu, hii bado sijatuma hata shilingi. Yule mkaguzi yupo?"